Doki Iliyotoka Kaengesa

Mkono wa tatu ulifumwa Jumanne, saa nne asubuhi, na hakuna aliyeuagiza.

Sweta la mwanafunzi lina vipande vinne: mbele, nyuma na mikono miwili. Mashine ya kufuma ya kikundi cha akina mama wa Mazwi ilikuwa imefuata hesabu hiyo kwa miaka kumi na mitatu. Siku hiyo Kristiana, mwenyekiti wa kikundi, aliweka mikono miwili mezani, akageuka kutafuta sindano, na aliporudi mashine ilikuwa inatoa mwingine.

"Evodia, njoo uone kitu chako."

"Itakuwa imerudia faili," Evodia alisema bila kuinua kichwa. "Laptop imezeeka, dada."

"Basi imerudia vibaya. Hebu ona." Kristiana aliupima kwenye mkono wake kuanzia begani. Ulipita ncha za vidole kwa shibiri nzima.

Bibi Monika, mjane aliyewapa kikundi chumba cha mbele cha nyumba yake, aliutazama kwa macho yake mekundu. "Shule gani hiyo imeandikisha twiga?" aliuliza, na wote wakacheka.

Laptop yenyewe ilikuwa nene kama tofali, ya miaka ambayo Evodia alikuwa bado ananyonya. Programu ya kufuma haikukubali kuhamia kwenye kompyuta mpya, na waya wa mashine ulikuwa na kichwa cha pini tisa ambacho laptop za leo hazina tundu lake. Hata hiyo ya zamani haikuwa na tundu hilo mwilini mwake. Ililipata kwenye doki, yaani kile kitako cha plastiki ambacho laptop huketishwa juu yake ndipo ipate umeme na waya za kila aina. Doki ya kikundi iliungua mwezi Juni, na bila doki wanawake saba hawakuwa na kazi.

Evodia, fundi mwenye uvumilivu na vitu vizee, alipata doki nyingine kwa Loth, muuza vifaa chakavu wa Milanzi. Ilikuwa ya toleo tofauti. Akaikata nguzo mbili kwa msumeno, akasogeza ndoano zake, akachomelea waya upya mmoja mmoja, siku mbili nzima, lakini laptop ikagoma kushuka milimita tatu za mwisho. Alipofungua kitako akakuta kilichoizuia: kifurushi cha kitambaa cheusi kilichoshonwa kwa uzi mwekundu, kimepigiliwa msumari pembeni mwa bodi. Hirizi. Evodia ana diploma. Aliing'oa kwa koleo, akaitupa kwenye jiko la Bibi Monika lililokuwa linawaka uani, na laptop ikashuka ikakaa. Hakumwambia mtu. Ya nini kutisha watu wazima kwa kitambaa?

Jumatano ukungu ulishuka kutoka Milima ya Mbizi, na saa tano umeme ukakatika. Wanawake walijifunga vitenge, wakakaa kusubiri. Ndipo kichwa cha mashine kikaanza kwenda. Kre, kre, kre. Kilienda kushoto, kikarudi kulia, polepole, kama mtu anayejifunza. Betri ya laptop ilikufa miaka mingi iliyopita, lakini kioo chake kilikuwa kinang'aa.

"Zima," mmoja alinong'ona.

"Nizime nini?" Evodia alijibu kwa sauti ya chini. "Haijawashwa."

Harufu ikaingia, ya nywele zilizounguzwa na maziwa yaliyochacha, na kipande kilichokuwa kinashuka kutoka kwenye sindano kilikuwa kipana, kipana kuliko mgongo wa mtu yeyote waliyemjua, kikashuka mpaka sakafuni na kuendelea kujikunja juu ya sakafu, na Kristiana, ambaye alikuwa ameahidi masweta mia mbili kabla shule hazijafunguliwa na alichoona mbele yake ni nyuzi zinazoteketea, alinyoosha mkono akakishika kile kichwa ili kisimame. Kikasimama. Mkono wake nao ukasimama. Haukuuma. Ulikuwa tu baridi na mzito kutoka kiwikoni kwenda chini, kama umetolewa mtoni na si wake.

Jioni watu walikuwa wameshapata jibu.

"Nani anafika wa kwanza kila siku?" Kristiana aliwauliza wenzake, mkono umefungwa kwa khanga. "Jiko la nani lilitoa moshi wa ajabu Jumatatu? Na yale macho."

Hapa tusimame kidogo, tuambizane ukweli. Macho ya Bibi Monika ni mekundu kwa sababu amepikia kuni miaka hamsini na mitano: kwa mume, kwa watoto sita, kwa kila msiba wa mtaa ule. Walioshiba kwa moshi huo ndio wanaomwambia macho yake ni ya mchawi. Wazee wanasema jina la mji wetu huu, Sumbawanga, lenyewe ni agizo la kutupa uchawi. Sawa. Lakini mbona kila siku ya kutupa, kinachotupwa ni bibi kizee?

Evodia aliyasikia yote. Alijiambia kwamba maneno ya kijinga hufa yenyewe. Alhamisi asubuhi alijaribu kuinua laptop kutoka kwenye doki. Ndoano zilifunguka, ila laptop haikuinuka, kana kwamba kuna mwingine aliyekaa juu yake. Akaacha koleo mezani, akapanda bodaboda kwenda Milanzi.

"Mambo, dada fundi," Loth alisema. Alipomtazama usoni akaweka chini bisibisi. "Umeifungua."

"Ulijua?"

"Niliambiwa. Kujua ni kitu kingine." Alimvuta nyuma ya lundo la televisheni mbovu. "Ilikuwa ya mzee mmoja kule Kaengesa, mchapaji wa barua. Nyumba yake ilisumbuliwa na jini mpaka mtaalamu akalifunga humo, kwa sababu ndani ya nyumba ile ndicho kitu pekee kilichoumbwa kukaliwa na kingine. Mjane wake aliniambia niuze nzima, nisifungue. Nami nikakuuzia nzima."

"Hukuniambia."

"Ungenisikiliza? Siku ile ulinicheka kwa sababu nina biblia juu ya redio."

"Huyo mtaalamu yuko wapi?"

"Amekufa." Loth alishusha sauti zaidi. "Lakini alimwachia mjane neno moja. Likitoka humo, halimfuati aliyelitoa. Linamkalia yule ambaye watu watamtaja. Jina likishatoka vinywani mwa wengi, huyo ndiye kitako chake. Mnamtaja nani huko kwenu?"

Aliporudi Mazwi alimkuta Bibi Monika jikoni, ameinama karibu na moto, amejifunika mablanketi mawili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nani amefungua dirisha?" Dirisha lilikuwa limefungwa. "Tangu jana nina mzigo hapa mgongoni. Nikilala, unalala. Nikiamka, unatangulia kuamka."

Evodia alishika mabega yake yaliyokuwa mifupa mitupu na akayahisi yakishuka chini ya viganja vyake, taratibu, kwa uzito ambao mikono yake mwenyewe haikuwa inautoa, na ile harufu ya nywele na maziwa ikatoka kwenye shingo ya bibi yule ambaye maisha yake yote alinukia sabuni ya mche na moshi. Angeweza kusema pale pale. Alikwenda nyumbani. Usiseme ni woga wa jini, ni aibu. Diploma nzima, halafu ukasimame mbele ya watu ukiri kitambaa?

Ijumaa alisikia kwamba wameitwa lambalamba, wale wapiga ramli wanaozunguka vijijini kutaja wachawi. Kila mtu alijua kinachofuata bibi akitajwa na lambalamba. Kwanza huezuliwa paa, halafu moto, na mwenyewe akiwa na bahati atabaki na miguu ya kukimbilia.

Jumamosi saa nane mchana watu walijaa uani kwa Bibi Monika. Ukungu ulikuwa haujainuka. Ngeleja, kiongozi wa lambalamba, alimketisha bibi chini katikati, akamzunguka mara tatu na usinga wake. Bibi alikuwa ameinama mpaka paji la uso limekaribia magoti. Hakulia. Midomo yake ilikuwa ya bluu.

"Nyumba hii ina mwenye kitu hiki," Ngeleja alisema. "Mtajeni ninyi, mimi nithibitishe."

"Ngoja," Evodia alisema, akaingia katikati. "Mimi nina maswali. Dada Kristiana, doki iliyoleta balaa hili ililetwa na nani?"

Kristiana alisita. "Uliileta wewe."

"Jina langu nani?"

"Evodia."

"Aliyeikata kwa msumeno?"

"Evodia," wanawake wawili walijibu.

"Ndani yake kulikuwa na hirizi iliyolifunga jini. Niliing'oa nikaichoma kwenye jiko la huyu bibi, yeye akiwa sokoni. Huo ndio moshi mliouona. Nikanyamaza siku tano huku mkimmaliza. Basi semeni wote. Aliyelifungulia ni nani?"

Walisema. Kwanza kwa kunong'ona, kisha uani kote, na kila walipolitaja jina lake Bibi Monika aliinuka kidogo, mgongo ukinyooka, rangi ikirudi midomoni, na kila walipolitaja kitu fulani kilishuka juu ya mabega ya Evodia, baridi, bila haraka, kikitafuta mahali pa kushika kwenye uti wa mgongo, pingili kwa pingili, kikikosea, kikijaribu tena, kwa subira ya fundi, mpaka kikaenea.

Ngeleja alimtazama, akarudi hatua moja, akafunga mkoba wake. Hakuna aliyetaja moto. Msichana mwenye diploma na kaka watatu hachomewi nyumba. Watu humpisha tu. Walimpisha. Uani pakabaki watu wawili, na Bibi Monika akasimama kwa miguu yake mwenyewe, akaingia ndani kwake.

Evodia alimfuata. Mlango ulikuwa umeshafungwa.

"Bibi, ni mimi. Nisaidie. Sijui niende wapi."

Kisha sauti ikaja kutoka karibu sana, nyuma ya mbao.

"Asante, mjukuu wangu. Mungu akulipe kwa ulichonitendea, nitakuombea kila siku niliyobakiwa nayo." Bibi alikuwa analia. "Sasa liondoe mlangoni pangu."

Komeo likaingia. Evodia alifungua mdomo ili aseme kwaheri, na nyuma ya sikio lake kitu kikavuta pumzi, kikamtangulia kujibu.