Njaa ya Papa Athanase

Kijiko kiligonga sahani mara tatu, taratibu, kama mtu anayewakumbusha watu wa nyumbani kwamba bado hajaletewa chakula. Gentille, aliyekuwa uani akichambua maharage, aliinua kichwa. Mume wake, Élie, alikuwa shambani. Mama mkwe wake, Mama Joséphine-Marie, alikuwa amelala juani kwenye mkeka. Ndani hakukuwa na mtu.

Aliingia. Mezani, mahali alipozoea kukaa baba mkwe wake, Papa Athanase, palikuwa na sahani tupu ambayo yeye hakuiweka. Hewa ilinuka jasho baridi la mgonjwa, lile lililolowesha shati la mzee siku aliyokufa, wiki tatu zilizopita.

Aliiosha sahani, akairudisha kabatini. Hakumwambia mtu.

Kesho yake mchana kijiko kikagonga tena.

Pale kilimani, juu ya Masisi, mashariki mwa Kongo, watu walishaamua ni nini kilichomuua Papa Athanase. Pepo. Walimwona alivyotetemeka, alivyotoa macho, alivyomwita mke wake kwa jina la ng'ombe aliyekufa zamani. Mama Dorothée, mkubwa wa kikundi cha maombi, alimwekea mikono kichwani karibu saa nzima, mpaka mzee akanyamaza.

Gentille peke yake alijua. Yeye ndiye aliyempeleka mzee kwenye kituo cha afya alipougua sukari. Yeye ndiye aliyemsikia muuguzi Jean-de-Dieu, akigonga boksi la vidonge kwa kidole:

"Mama, hii dawa inashusha sukari ya mu damu. Akikunywa, akule saa ile ile. Kama chakula hakuna, asikunywe. Na ukiona anatetemeka, anatoka jasho, anasema mambo ya ovyo, usingoje: mupatie sukari mbiyo, kisha mumulete hapa. Tena ni dawa yake yeye. Muntu mwingine asiguse."

Asubuhi ile Gentille alikuwa na haraka. Fromaji zake, jibini za kuuza, zilishafungwa, pikipiki ya kwenda sokoni ilikuwa inapiga honi barabarani. Akampa mzee kidonge na maji. "Mama akirudi misani atakupikia, Papa," alisema, akatoka mbio. Mama alichelewa misani. Sufuria zote zilikuwa tupu.

Aliporudi alikuta nyumba imejaa nyimbo. Mzee alikuwa bado hai. Kopo la sukari lilikuwa palepale kwenye rafu. Lakini kulishika kopo lile kulikuwa ni kusema mbele ya watu wote: sikumlisha. Gentille akapiga magoti, akafumba macho, akaomba pamoja nao.

Sasa, kila mchana, kijiko. Akaanza kumwekea mzee chakula kwa siri, bugali na sombe, majani ya muhogo yaliyotoka motoni sasa hivi, na kila alipogeuka na kurudi alikuta kimepoa kama jiwe la mtoni, hakikuguswa. Siku ya tano alisikia sauti, karibu sana na sikio lake, sauti ya mtu mwenye ulimi mzito.

"Dawa nimekunywa, mutoto yangu. Chakula iko wapi?"

"Iko hapa, Papa," alinong'ona. "Iko hapa, kula."

Akaisogeza sahani karibu na kiti cha mzee.

"Sasa haipite tena mu koo," sauti ikasema.

Akakonda. Mama Joséphine-Marie alimtazama, akamuuliza kama ana mimba, naye akatikisa kichwa. Boksi la dawa hakuweza kulirudisha kwa Jean-de-Dieu, maana angeulizwa habari za mzee. Alilificha chini ya kapu la nguo, akajaribu kulisahau.

Jumamosi moja kijiko hakikugonga. Gentille alisimama uani akisubiri, na kimya kile kilimtisha kuliko mlio, kwa sababu kilikuwa kimya cha mtu aliyeacha kuita kwa kuwa amepata anayemtaka, na kabla hajajua la kufanya alisikia kelele kutoka shambani, akamwona jirani yao Plamedi akipanda kilima amembeba Élie mgongoni, miguu ya Élie ikiburuzika kwenye majani, shati lake limelowa, na upepo ukaleta mbele yao harufu ile ile ya jasho baridi.

"Pepo ya baba yake imemurudilia!" Mama Dorothée alishafika, mikono juu. "Mumulaze chini! Tuombe!"

Gentille aliinama. Mfuko wa shati la mume wake ulikuwa umevimba. Akauchomoa mle utepe wa vidonge, viwili havipo.

"Élie. Umekunywa hii?"

"Ya Papa..." Macho yake yalikuwa yakimtafuta bila kumpata. "Niliikuta mu kapu. Nilikuwa muchovu, nikafikiri itanipa nguvu. Kuitupa ni hasara."

"Umekula?"

Élie akacheka, kicheko cha mtoto.

Ndipo sahani ikaanza kupigwa ndani, si mara tatu tena bali bila kupumzika, kwa nguvu, mpaka nyimbo zikakatika midomoni na watu wakarudi nyuma, maana safari hii walisikia wote. Na Gentille, ambaye miguu yake ilitaka kukimbilia upande wa pili wa kilima, alikimbilia ndani, akamkuta Papa Athanase amesimama mbele ya rafu, shati limemganda mwilini, jasho linamtiririka wala halifiki chini, amelikinga kopo la sukari kwa mgongo wake, anamtazama.

"Niachie nipite, Papa. Ni mutoto yako."

Hakusogea.

"Nilijua!" Gentille alipiga kelele, na watu mlangoni walimsikia. "Haikuwa pepo. Nilikupa dawa bila chakula. Nilirudi ukiwa muzima, sukari iko hapa, nikaogopa haya, nikaomba na wengine!"

Hapakuwa tena na mtu mbele ya rafu. Kopo lilikuwa la baridi kiasi cha kuchoma vidole.

Élie bado aliweza kumeza. Gentille alimnywesha maji ya sukari kidogo kidogo, kikombe kizima, mpaka mtetemeko ukapungua na macho yakamwona. "Gentille," alisema, akishangaa. Plamedi akamleta mwenye pikipiki. Kituoni, Jean-de-Dieu alimtundikia dripu, akakataa kumwachia mpaka kesho yake. "Dawa hii inakaa mu mwili siku nzima," alisema. "Unaweza kumuona amepona, kisha sukari yake ianguke tena." Vidonge vilivyobaki alivichukua. Hakuuliza kitu, na Gentille aliinamisha kichwa kana kwamba ameulizwa.

Mama Joséphine-Marie alikuwa kati ya wale waliosikia pale mlangoni. Asubuhi Élie aliporudi na kulala, mama mkwe alimshika Gentille kifundo cha mkono, akampeleka nyuma ya migomba, kwenye kaburi la mzee.

"Mwambie."

"Nimeshamwambia, Mama."

"Ulimwambia sababu ulitaka sukari. Mwambie sasa."

Gentille alipiga magoti, akasema yote, kwa sauti ndogo.

"Ongeza sauti. Siku za mwisho hakuwa anasikia muzuri."

Akasema tena, akilia, mpaka watu wa kilima cha ng'ambo wakasimamisha majembe. Alipomaliza, Mama Joséphine-Marie alilala kifudifudi, akaweka sikio lake kwenye udongo, akakaa hivyo muda mrefu.

"Amesikia?" Gentille aliuliza.

Mama mkwe wake hakuinua kichwa.

"Sema tena," alisema.