Baba Ameenda Bandarini

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumatatu ya pili ya likizo ya Desemba, milango miwili ya chuma ya duka la Kasmir katika Mtaa wa Mchikichi ilikuwa bado imefungwa. Maduka mengine yote ya upande ule yalikuwa wazi. Maguta ya magurudumu matatu yalikuwa yanashusha marobota, wamachinga walikuwa wamekwisha kutandika bidhaa zao chini, na mbele ya milango iliyofungwa alikaa msichana wa miaka kumi na miwili juu ya stuli ya plastiki.

Jina lake lilikuwa Joyceline. Alikuwa mtoto pekee wa Kasmir, muuza mashuka na mapazia kwa jumla, mtu wa Rombo, Kilimanjaro. Kariakoo walimwita Mangi, kama wanavyowaita Wachaga wengi wenye maduka. Baba na binti waliishi wawili tu, ghorofa ya tatu ya jengo lile lile. Mama, Paskalina, alifariki mwezi wa tatu. Walimzika Rombo siku ya Jumamosi, na Jumanne Kasmir akafungua duka kwa sababu kontena lilikuwa limeingia. Watu walimsifu kwamba ni mwanaume kweli. Hakuna aliyemwona akilia.

Kazi ya Joyceline pale kwenye stuli ilikuwa moja. Mteja akifika na kuuliza, alijibu kwamba baba ameenda bandarini kutoa kontena, ajaribu tena kesho. Maneno hayo alipewa na baba yake siku ya kwanza, naye baba aliyasema akiwa amegeukia ukuta. Kwa Kariakoo lilikuwa jibu zuri. Kutoa kontena kunaweza kuchukua siku moja au wiki mbili, na hakuna anayeshangaa. Muuzaji wao, Hyasinta, alikuwa likizo ya uzazi, kwa hiyo hapakuwa na mtu mwingine wa kuulizwa.

Hiyo ilikuwa siku ya tisa.

Baba hakuwa bandarini. Alikuwa kitandani, mapazia yamefungwa, simu imezimwa ndani ya droo. Alikuwa haogi. Joyceline alipika chakula cha watu wawili, akala peke yake mezani, kisha akaweka sahani ya pili kando ya kitanda. Asubuhi aliichukua ikiwa vile vile, wali umekauka. Siku ya Ijumaa alimwuliza baba anaumwa wapi.

"Siumwi mahali," alisema Kasmir. "Sioni tu sababu ya kuamka."

Joyceline hakumwambia mtu. Baba alikuwa amemweleza kwamba wateja wa mikoani wakisikia Mangi anaumwa ugonjwa wa kichwa, watahamia duka jingine na hawatarudi. Isitoshe, hakujua angemwambia nani. Bibi Agnesi, mama yake Kasmir, alikuwa Rombo. Kila jioni alipiga simu kwenye simu ndogo ya Joyceline, na kila jioni alijibiwa kwamba baba yuko bandarini. Mara mbili za mwisho bibi alirudia swali lile lile kabla ya kuaga.

Saa tatu, Ummy alivuka barabara. Alikuwa wa rika lake na walisoma darasa moja. Nyanya yake, Bi Zamda, alikuwa na duka la kanga upande wa pili wa mtaa tangu Kasmir hajafika Dar es Salaam.

"Mambo, Joyce?"

"Poa."

"Hilo kontena lenu wanalibeba kichwani nini? Wiki ya pili sasa." Ummy alicheka. "Twende kwetu, bibi kakaanga kachori."

Joyceline alisema hawezi kuondoka. Ummy akauliza kama amekasirika. Akajibu hapana. Ummy alisimama kidogo, akasema kwamba siku hizi amekuwa anaringa, akarudi alikotoka. Joyceline alimwangalia mpaka akaingia dukani kwa nyanya yake. Alikuwa na njaa, na alipenda kachori za Bi Zamda kuliko kitu kingine chochote mtaani pale.

Kabla ya saa nne alifika mteja kutoka Songea, mwanaume mnene mwenye begi, akaambiwa maneno yale yale. Alikuwa bado amesimama pale wakati Hamis aliposhuka kwenye bodaboda. Hamis alikuwa wakala wa forodha, mtu anayeshughulikia karatasi za mizigo bandarini, na ndiye aliyetoa makontena yote ya Kasmir kwa miaka saba.

"Shikamoo, anko Hamis."

"Marahaba. Mangi yuko wapi? Simu yake haipatikani tangu wiki iliyopita."

Mteja wa Songea ndiye aliyejibu. Alisema Mangi yuko bandarini, anatoa kontena.

Hamis alimtazama mteja, kisha Joyceline. "Mimi natoka bandarini sasa hivi. Kontena lake liko ndani ya meli, na meli imetia nanga huko nje, haijaingia gatini. Atatoa nini?" Alipunguza sauti. "Joyce, baba yako yuko wapi?"

Joyceline alifungua mdomo ili kurudia yale maneno, lakini hayakuwa na pa kwenda tena. Akashika stuli kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Bi Zamda alikuwa ameona kila kitu kutoka dukani kwake. Alivuka barabara bila haraka, akamwambia mteja arudi baadaye, akamwomba Hamis amlindie duka, kisha akainama mbele ya mtoto.

"Mwanangu, yuko juu?"

Joyceline akaitikia kwa kichwa.

"Anakula?"

"Hapana."

Bi Zamda alipanda ngazi ghorofa tatu, akipumzika kila ghorofa kwa sababu ya magoti. Alibisha hodi, akaingia, akafungua dirisha. Hakumuuliza Kasmir ana nini. Alivuta kiti, akakaa kando ya kitanda, akamwita Ummy kupitia dirisha hilo alete uji. Saa nzima alikaa pale. Kasmir alikunywa nusu kikombe, na kilikuwa kitu cha kwanza kuingia tumboni mwake tangu Jumamosi.

Baadaye, jikoni, Bi Zamda aliongea na Joyceline kama mtu anayeongea na mtu mzima. Alisema mumewe alipofariki, alikaa eda miezi minne na siku kumi. Watu walikuja, wakakaa naye, na hakuna aliyetarajia kumwona dukani. Kasmir alimzika mkewe Jumamosi na kufungua duka Jumanne, nao majirani wakampigia makofi. Alisema hilo lilikuwa kosa la mtaa mzima. Lakini alisema pia kwamba watu wa pwani wana kosa lao. Mdogo wake, Mudi, aliugua maradhi ya akili akiwa kijana, na familia ilimzungusha kwa waganga miaka sita kabla ya kumpeleka hospitali. Sasa Mudi anakunywa dawa kila siku na anaendesha mashine ya kusaga huko Kigamboni.

"Miaka sita tuliipoteza," alisema. "Nyie mmepoteza siku tisa. Mpigie bibi yako, umwambie ukweli."

Joyceline akapiga. Alieleza yote. Kisha Bibi Agnesi akasema, "Nilijua. Nilijua tangu uliposema bandarini." Akasema atapanda basi la alfajiri.

Jumanne jioni Bibi Agnesi alifika na mfuko mmoja wa ndizi. Ilikuwa Desemba, Wachaga wote wa mjini walikuwa wanaelekea Kilimanjaro kwa Krismasi, na basi lake lililokuja Dar lilikuwa na abiria kumi na wawili. Hakula kwanza. Alikwenda kukaa kwenye kiti kile kile cha Bi Zamda. Bi Zamda mwenyewe alikuwa anaaga, akaombwa abaki. Joyceline naye aliambiwa abaki.

"Kasmir," alisema bibi, "mtoto amejifunza wapi kusema uko bandarini?"

"Nilimwambia mimi."

"Na wewe ulijifunza wapi?"

Bibi Agnesi akajibu mwenyewe. Alieleza jambo ambalo Joyceline hakuwahi kulisikia. Kasmir alikuwa na kaka, Aaron, aliyekufa kwa surua akiwa na miaka kumi. Baba yao, mwenye duka pale mjini Mkuu, Rombo, alimzika mtoto na kuendelea na kazi. Miezi michache baadaye aliingia chumbani na hakutoka. Bibi aliona aibu. Wateja walipokuja, alimweka Kasmir getini awaambie kwamba baba amekwenda Mombasa kuchukua mali. Ilikuwa hivyo kwa miaka miwili. Mzee alipotoka chumbani, alikuwa hazungumzi na mtu, na alikaa hivyo hadi alipofariki.

"Sikuwahi kumpeleka kwa daktari," alisema. "Ningempelekaje, na nimeshawaambia watu yuko Mombasa?"

Kelele za mtaani ziliingia kwa dirisha. Kisha Kasmir akaongea, akiwa bado ameangalia ukuta.

"Pale getini palikuwa na jiwe. Nilikuwa nalikalia. Nilikuwa na miaka minane. Watoto wenzangu walikuwa wanapita kwenda kucheza, na mimi siwezi kuondoka."

Aligeuka polepole na kumtazama binti yake.

"Wewe unakaa wapi kule chini?"

"Kwenye stuli," alisema Joyceline. "Ile ya mama."

Kasmir alijifunika uso kwa mikono, akalia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Hakuna aliyemnyamazisha. Alipomaliza, aliomba maji ya kuoga.

Jumatano saa mbili asubuhi walikuwa wanne kwenye benchi la kliniki ya afya ya akili: Kasmir, mama yake, Joyceline na Bi Zamda. Daktari, mwanamke aliyeitwa Evelyn, alimsikiliza Kasmir peke yake kwa dakika hamsini, akiuliza wazi kama amewahi kufikiria kujidhuru. Kisha aliwaita wote. Alisema ugonjwa unaitwa sonona, unatibika, na si ulegevu wala laana. Dawa zitachukua wiki kadhaa kufanya kazi, na Kasmir atakuja kuzungumza na mshauri kila Jumanne. Alimpangia Joyceline naye siku yake, kwa sababu, alisema, mtoto huyu amebeba mgonjwa peke yake kwa siku tisa na hakuna aliyemuuliza anajisikiaje.

Wakati wakisubiri dirishani kuchukua dawa, Bibi Agnesi alimvuta mjukuu wake karibu.

"Nisikilize. Hukukosa, ulitii. Tuliokosa ni sisi wakubwa. Tulidhani tunalinda duka, kumbe tulikuwa tunamfungia mgonjwa asipate dawa. Malaria tunaitaja, presha tunaitaja. Na huu ni ugonjwa kama hizo. Mtu wa nyumbani akiugua hivi, mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyo hiyo, hata kama mgonjwa amekukataza. Na ukiulizwa, sema ilivyo."

"Wateja wakihama?"

"Wahame. Baba ni mmoja."

Duka lilifunguliwa wiki iliyofuata, mlango mmoja tu, maana wa pili ulikuwa mzito na bibi hakuwa na nguvu za kuuinua. Bibi aliuza, Bi Zamda akamsaidia kukumbuka bei, na Joyceline alipata muda wa kwenda kula kachori. Alimweleza Ummy mambo yote. Ummy alisema angejua asingesema kwamba anaringa. Krismasi walikaa Dar. Kasmir alikula, siku nyingine kidogo, siku nyingine zaidi. Zilikuwapo asubuhi mbili ambazo hakuamka.

Jumanne ya kwanza ya Januari, saa saba mchana, mteja wa Songea alirudi na begi lake. Joyceline alikuwa mezani. Bibi alikuwa nyuma, anafungua robota.

"Mangi bado yuko bandarini?" aliuliza mteja. Alitabasamu kidogo.

Joyceline aliweka kalamu chini. "Hapana. Siku ile nilikudanganya, samahani. Baba alikuwa anaumwa sonona. Leo ameenda kliniki, atarudi saa nane."

Mteja aliacha kutabasamu. Alitazama mashuka yaliyopangwa ukutani, akashika moja, akaliachia. Kisha akauliza kama kliniki hiyo inapokea watu wa mikoani, maana ana dada yake. Joyceline aliandika jina la hospitali na siku za kliniki kwenye kipande cha boksi, akampa. Mteja alikikunja na kukiweka mfuko wa shati, akavuta stuli, akakaa kusubiri.

Saa nane na dakika kumi, Kasmir alifika kwa miguu akiwa na bahasha ya dawa mkononi. Alimsalimia mama yake, akamsalimia mteja kwa jina. Akampa Joyceline bahasha ile amshikie, akainama kwenye mlango wa pili, akafungua kufuli na kuuinua mpaka juu.