Chakula cha Mgeni

Asubuhi ile Générose alikuta chakula cha mgeni kimeliwa.

Kila jioni, wote wakishashiba, aliacha tonge la ugali na mboga kidogo ndani ya sufuria, kama mama yake alivyofanya kule kwao Uvira, ili mtu akigonga usiku asilale njaa. Hapa Flemingdon Park, Toronto, katika ghorofa ya tisa, hakuna aliyegonga usiku. Lakini tangu vita vya Oktoba 1996 hakuwa amepata habari yoyote ya mdogo wake, Précieux, na moyoni mwake tonge lile lilikuwa la Précieux. Asubuhi alilitupa. Leo hapakuwa na cha kutupa. Sufuria ilikuwa imekombwa, na ukingoni palikuwa na alama za vidole vyenye udongo.

"Ariane, ulikula usiku?"

"Ugali baridi? Mimi?" Binti yake wa miaka kumi na sita alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. "Muulize Papa."

Télesphore, mumewe, alikuwa akifunga viatu aende kiwandani, mahali walipotengeneza madirisha. Alicheka. "Mama Ariane, panya wa Kanada nao wamejifunza ugali."

Sufuria hiyo ya kitako cha mviringo ilitoka Uvira katika sanduku la nguo. Juu ya jiko la umeme iliyumba, na kusonga ugali kukawa taabu. Kisha, mwezi Agosti 1997, Générose alikuwa akipanda mboga za lengalenga katika bustani ya wapangaji, ukingoni mwa bonde la mto Don, jembe lake likagonga pete nene ya chuma yenye bawaba upande mmoja. Aliisugua kwa mchanga, akaiweka jikoni, na sufuria ikatulia juu yake kana kwamba vilitengenezwa pamoja. Alifurahi siku nzima; kesho yake ndipo alipokuta chakula kimeliwa.

Baada ya asubuhi ile, chakula cha mgeni kililiwa kila usiku. Harufu ya udongo uliolowa ilianza kukaa jikoni, hata madirisha yakiwa wazi. Kisha Télesphore akaanza kuchechemea. Kwenye kifundo cha mguu wa kushoto palitokea alama nyeusi, pana kama vidole viwili, iliyozunguka mguu wote. Daktari alipiga picha ya mfupa, hakuona kitu.

Mwezi Novemba, ardhi ilipokuwa imeanza kuwa ngumu, Générose alichungulia dirishani wakati wa mapambazuko akamwona mumewe chini kule bustanini, bila koti, bila kofia, akichimba mstari mmoja ulionyooka na kuurudia, na kila alipoinua mguu wa kushoto aliuvuta kana kwamba kuna kitu kizito nyuma yake, na alipofika mwisho wa mstari alivua kofia ambayo hakuwa nayo, akainama mbele ya mtu ambaye hakuwapo, kisha akaanza tena.

Générose alipanda hadi ghorofa ya kumi na moja kwa Bi Mumtaz, mjane kutoka Mombasa, aliyejulikana jengo zima kwa dua na ubani wake wa kupunga mashetani.

Walifanya kazi hiyo Jumamosi mchana. Ubani ulipoanza kufuka, king'ora cha moshi kililia darini hadi mbwa wa jirani akajibu. Ariane alipanda juu ya kiti akakivika kofia ya plastiki ya kuogea.

"Mashetani ya huku yana walinzi," alinong'ona Bi Mumtaz.

Télesphore alikaa sakafuni, kichwa kimeinama. Kiingereza chake kilikuwa cha kiwandani, maneno machache ya salamu na zana. Lakini Bi Mumtaz alipouliza kwa Kiswahili, "Wewe nani, na umetoka wapi?" kinywa chake kilifunguka, kikatoa Kiingereza kizito cha zamani, mfululizo, kwa sauti ya mzee. Ariane alitafsiri huku ameshika mkono wa mama yake.

"Anasema jina lake ni Amos Thirkell. Alichoma ghala la bwana wake huko Uingereza. Wakamhukumu, wakamvusha bahari hadi Bermuda, achonge mawe akiwa na pete ya chuma mguuni. Kifungo kilipoisha alikuja hapa, akapata msitu bondeni, akafyeka, akalima. Akawa bwana."

"Na chuma alikitunza kwa nini?" alisema Bi Mumtaz.

Kinywa kilicheka. Ariane alimsogelea mama yake. "Aliajiri kijana, kijana akataka kutoroka. Akamfunga kwa chuma hicho hicho. Kijana akafa wakati wa baridi, na shamba lilikuwa halijaisha kulimwa. Mama... anasema huyu wa sasa ana mgongo mzuri."

"Nani alikukaribisha humu?" Bi Mumtaz aliuliza.

Mkono wa Télesphore uliinuka polepole ukamwelekea mkewe.

"Anasema, mwanamke huyu ananiandalia kila usiku, juu ya chuma changu."

"Sikukuandalia wewe!" alilia Générose.

Bi Mumtaz alisoma dua hadi jasho likamlowesha, na Télesphore akaanguka akalala kama mtoto. "Mtu akifa amekufa," alisema mjane yule. "Huyu ni jini. Alikaa ndani ya chuma cha mtu huyo, akajifunza jina lake na ukatili wake. Kizikeni pale mlipokitoa. Na chakula cha mgeni kisiwekwe tena katika nyumba hii. Hakuvunja mlango, alikaribishwa. Mkimkaribisha mara ya pili, mwanangu, mimi sina dawa, na mumeo hutampata tena."

Walikizika siku hiyo hiyo. Alama ya mguuni ilififia. Kila jioni Générose alikomba sufuria hadi ikang'aa, na kila jioni alihisi anamfungia Précieux mlango.

Alasiri moja ya Januari 1998 alikuwa peke yake. Mlango uligongwa.

"Yaya Géné, fungua." Hakuna aliyemwita yaya, yaani dada mkubwa, isipokuwa Précieux.

"Nani?"

"Mimi, yaya. Nimetembea sana. Umeniwekea chochote?"

Alichungulia katika tundu la mlango, akaona ukungu tu. Aliukumbuka mguu wa Télesphore. Aliuma pindo la kitenge, kisha akasema, "Hapa hakuna chakula cha mgeni."

"Haya, yaya," sauti ilijibu.

Hatua zilianza kuondoka. Générose alibandika sikio mlangoni akingoja kusikia chuma kikiburutwa, akangoja, hakukisikia. Zilikuwa hatua nyepesi za miguu yote miwili, sawasawa, za kijana aliyechoka, zikienda kwenye lifti, zikizidi kufifia, na mkono wake ulifungua mlango kabla hajauruhusu.

"Précieux! Rudi! Chakula kipo!"

Ukumbi ulikuwa mtupu hadi mwisho. Nje ardhi ya Toronto ilikuwa imeganda kama jiwe, lakini harufu ya udongo uliolowa ilimpita usoni, ikaingia ndani.

Nyuma yake, jikoni, kitu kizito cha chuma kiliburutwa sakafuni. Kisha kiti kikavutwa mezani, taratibu, bila haraka yoyote.