Mkereza na Kitufe cha Mwendo

Duka la mashine lilijaa watu hadi mlangoni. Muuzaji, shati jekundu likimbana tumbo, alikuwa amefunga gogo kwenye mashine ya kukereza mbao huku akipaza sauti utadhani yuko mnadani.

"Hii haina habari ya kuhamisha mikanda! Unazungusha kitufe tu! Polepole, haraka, utakavyo!"

"Gogo hilo halijakaa sawa," alisema mwanamke aliyesimama mbele. Alivaa ovaroli ya buluu iliyopauka na kilemba cha manjano, na unga wa mbao ulikuwa umemjaa kwenye nyusi. Alikuwa akikereza mabakuli na miguu ya meza, na mtaa mzima ulimwita Mkereza. "Tena kitufe umekiacha mwisho kabisa. Ukiwasha tu..."

Muuzaji akawasha.

Gogo lilinguruma, likatikisa meza, likachomoka. Mkereza alisukumwa begani akaanguka chali, na kioo cha kabati kikapasuka juu yake. Alipoinua kichwa, mwanamume mrefu alikuwa amepiga magoti kando yake, damu ikimtiririka kutoka kwenye paji la uso hadi kwenye shati jeupe.

"Umenisukuma!"

"Samahani, dada. Ningekuomba ruhusa, lakini gogo lilikuwa na haraka."

Mkereza alicheka bila kutaka. Alivua kilemba chake, akakibana kwenye jeraha. Nyuma yao wateja walikuwa wameshamkwida muuzaji na ngumi zinaruka juu ya masanduku ya misumari. Wawili hao walitoka nje wakibishana.

"Ndiyo maana mimi nataka ya mkanda," alisema Mkereza. "Unazima, unahamisha mkanda kwenye gurudumu jingine, mwendo unaujua."

"Na bakuli kubwa je? Ukingoni unataka taratibu, katikati unataka kasi. Utazima mara ngapi?"

"Kwani wewe nani?"

"Fundi wa mota. Wananiita Waya. Nunua hiyo ya mkanda, nitakufungia kitufe kisichokuwa na wazimu."

Alinunua, naye Waya akaja kufunga. Baada ya hapo simu hazikukatika.

"Mashine inaendeleaje, malkia?"

"Mashine haijambo. Uliza habari ya mwenye mashine."

"Huyo namwogopa. Yeye hana kitufe."

Aliyechukia vicheko hivyo ni kaka yake Mkereza. Wazazi wao walifariki wakawaachia karakana, na yeye ndiye aliyemfundisha mdogo wake kushika patasi. Sasa alimwona akimsikiliza mwanamume mwingine, na mashine ya pale ikitii mikono ya mgeni. Hasira ikamkaa kifuani.

Siku moja Mkereza alikuwa ameinamia bakuli la mti mgumu, linazunguka polepole, kaka yake akipanga mbao kando ya mashine. Ghafla mashine ikapiga mluzi. Bakuli lilipasuka mikononi mwake. Kipande kimoja kilitoboa dirisha, kingine kikamvunja mkono wa kushoto, na mfupa ukasikika ukilia. Alianguka kwenye maranda akipiga mayowe.

"Kitufe kimeruka chenyewe!" kaka yake alipaza sauti, akimwinua. "Si nilikwambia? Yule fundi wako ni muuaji!"

Akiwa hospitalini, mkono umefungwa plasta, Mkereza alipiga simu.

"Kidude chako kimenivunja mkono. Usikanyage kwangu tena!"

"Mpenzi, ngoja, haiwezekani..."

Akakata.

Kesho yake kaka alimfuata Waya kwenye kibanda chake cha mota. Alibeba mguu wa meza. Hakusalimu. Pigo la kwanza lilimpata Waya begani, la pili likamwangusha juu ya meza, na mkono wa kulia uliposhika ukingo ili ainuke, kaka aliuponda vidoleni tena na tena mpaka majirani wakamvuta.

"Salamu kutoka kwa dada yangu!" alifoka.

Waya aliyaamini maneno hayo, na yalimuuma kuliko vidole. Akazima simu.

Mkereza alirudi karakanani mara alipopata nafuu. Aliwasha mashine ikiwa tupu, kwa mwendo mdogo, akaketi mbele yake kuisikiliza tangu asubuhi. Haikubadilika sauti hata kidogo. Kaka yake alipoingia, hakumtazama.

"Inazunguka tangu asubuhi. Mbona hairuki?"

"Izime."

"Siku ile ulisimama wapi, kaka?"

"Nimesema izime!" Aliipiga mashine teke, akarusha patasi ukutani. "Nilitaka kukutisha tu! Nilizungusha kitufe ili ukichukie! Sikujua bakuli litapasuka! Na huyo bwana wako nimeshamvunja vidole, atamfungia nani vitufe?"

Mkereza alimpiga kibao kilichomtoa damu mdomoni. Kaka alimkaba koo, akamgandamiza ukutani, plasta ikagonga tofali, na kwa muda alisahau kwamba aliyemshika ni mdogo wake. Alipokumbuka, mikono ililegea. Aliketi sakafuni akalia kwa sauti. Mkereza alimruka, akatoka.

Alifika kwa Waya akiwa amevaa gauni la maua lililochanika shingoni. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Umekuja kumalizia?" sauti iliuliza kutoka ndani.

"Sikumtuma. Nimejua leo. Ni yeye aliyezungusha kitufe."

Ndani, hatua zilisogea hadi mlangoni.

"Natoka polisi," alisema. "Nimewaambia yote, yaliyokupata na yaliyonipata. Wameshakwenda kumchukua. Sina ndugu mwingine, Waya." Aliegemeza paji la uso mlangoni. "Nami nilikuhukumu bila kukusikiliza. Nisamehe."

"Vidole viwili daktari anasema havitakunjika tena," Waya alijibu. "Nina hasira. Hata na wewe nina hasira."

"Kuwa nayo. Lakini uwe nayo nikiwa humo ndani."

"Utafanya nini humu?"

"Mimi nina mkono wa kulia, wewe wa kushoto. Tukikaa pamoja, hata viazi tutamenya."

"Hiyo ni posa?"

"Ndiyo. Tena fungua haraka, majirani wako wote wako madirishani wananisikiliza."

Komeo lilikwaruza, likakwama, likakwaruza tena, kwa mkono ambao haukuzoea kazi hiyo. Mkereza alisubiri. Mlango ukafunguka.