Diski Iliyojaa Baadaye

"Hivi Mama Nakijwa, mwanao nimemkosea nini?" Mama Chediel aliuliza siku moja, ameegemea ukuta unaotenganisha nyua zao. "Siku ya tatu hii namsalimia, ananikodolea macho tu."

Eliwaza alimjibu kwamba binti hajambo, ni uchovu. Lakini moyoni alijua si uchovu. Nakijwa alikuwa amesahau salamu. Wiki iliyofuata akasahau kufunga vifungo vya blauzi. Jumapili, wametoka ibadani, akasahau kumeza. Chai ikamtoka mdomoni ikashuka hadi kifuani, na macho yake yakawa yanamtafuta mama yake kwa hofu.

Nakijwa alikuwa na miaka thelathini na miwili, na kwa miaka tisa mwili wake uliendeshwa na kifasiri. Hicho ni kisanduku cheusi, ukubwa wake kama kitabu cha nyimbo, kilichofungwa chini ya shingo. Nyuzi nyembamba kuliko nywele zilitoka humo zikaingia kwenye uti wa mgongo. Alichotaka kukifanya, kifasiri kilikisoma kichwani kikakipeleka mguuni, mkononi, kooni, hata kwenye mapafu. Alichotaka kukisema, kilikisema kwa sauti iliyofanana na yake. Katika mji wa Same, chini ya minara inayokamua maji kutoka kwenye mawingu ya mlimani, watu wa namna hiyo walikuwa wengi, na mgeni asingewatambua.

Kifasiri kilijifunza kila siku. Kiliandika kwenye diski yake jinsi Nakijwa anavyopenda kukanyaga, kucheka, kushika kikombe. Sasa diski ilikuwa imejaa. Kikitaka kuandika jipya, kilifuta la zamani bila kuchagua. Na siku kitakapofuta kupumua? Eliwaza akifika hapo katika mawazo yake alikuwa anaanza kusali.

Alhamisi asubuhi fundi Kimario akafika na diski mpya, kubwa mara kumi ya ile ya zamani, ameifunga kwenye kitambaa safi. Alikuwa Mchaga wa Machame, mwenye mvi na mikono mitulivu.

"Nikikizima, mapafu yatasukumwa na betri ya akiba," alisema. "Inadumu dakika arobaini. Kuhamisha vyote kunachukua thelathini. Kwa hiyo mama, stori tutapiga baadaye."

"Atatusikia?"

"Kila neno. Macho na masikio ni yake mwenyewe, hayapiti humu. Ila hataweza kusema wala kujisogeza."

Wakamlaza Nakijwa kwa ubavu. Kimario akachomoa diski ya zamani, akaiunganisha na ile mpya kwenye mashine yake ya mezani, na namba zikaanza kupanda. Eliwaza akakaa kwenye kigoda ameshika mguu wa binti yake, jicho moja likiwa kwenye saa ya ukutani.

Dakika ya kumi na tisa namba zikasimama.

"Kuna nini?" Eliwaza aliuliza.

"Inauliza swali." Kimario alisoma polepole. "Sentensi zilizoahirishwa, elfu sita mia tatu na kumi na nne. Zihamishwe au zifutwe?" Akaguna. "Kumbe ndizo zilizojaza diski. Nyie Wapare nanyi, hata maneno hamtupi."

"Yangekuwa ya Wachaga yangeshapelekwa sokoni," Eliwaza alijibu, kwa mazoea tu ya utani.

Alijua ni sentensi gani. Sheria ya miaka ile ilimpa mlezi kibao cha kioo. Sentensi yoyote ambayo kifasiri kiliiona nzito, na safari yoyote ya nje ya geti, ilipita kwa mlezi kwanza, akiruhusu ndipo itoke. Kibao kilikuwa na vitufe vitatu: Ndiyo, Hapana, Baadaye. Eliwaza hakuwahi kubonyeza Hapana hata siku moja. Kwao mtu hamnyimi mwenzake usoni. Mtu akikuomba usichoweza kumpa, unamwambia tutaona, pita baadaye, naye anaelewa, anaaga kwa amani. Ndivyo alivyolelewa. Lakini mashine haikulelewa Upare. Hapana ingefuta. Baadaye iliweka, ikangoja.

"Mbona nyingi hivi? Maneno tu yanajazaje diski?" aliuliza.

"Si maandishi matupu, mama. Kila moja imewekwa na pumzi yake, na sauti yake, na machozi yake kama yalikuwepo." Kimario akafungua orodha, na uso wake ukabadilika. Utani ukamwisha. "Hii imerudiwa mara mia mbili na kitu. Baba yuko wapi? Hii mara mia nane. Najua baba amekufa. Hizi nyingine zote, zaidi ya elfu tano, ni moja. Nataka kwenda kaburini kwa baba. Ya mwisho ni ya leo alfajiri."

Eliwaza hakugeuka kumtazama binti yake.

Kaburi la mumewe lilikuwa Chome, juu mlimani, na njia ya kufika huko ilikuwa gari la kamba, lile linaloning'inia juu ya mabonde. Gari hilohilo ndilo lililowadondosha, baba na binti, miaka tisa iliyopita. Mwanzoni aliahirisha kwa sababu daktari alisema mgonjwa asishtuliwe. Kisha akasema apate nguvu kwanza. Baada ya hapo hakutafuta sababu tena. Alikuwa amezika mmoja, na huyu alitaka abaki ndani ya geti.

"Ukifuta," Kimario alisema kwa sauti ya chini, "hata diski ya zamani itatosha."

"Na nikihamisha?"

"Zinakwenda zote. Ila kufuli la mlezi halihamii lenyewe siku hizi. Sheria imebadilika. Mpaka uniambie, na uweke kidole hapa."

"Bila kufuli atasema anachotaka."

"Atasema. Na atakwenda anakotaka." Alitazama saa. "Betri ina dakika ishirini na moja. Kazi iliyobaki ni ya dakika kumi na moja. Una kumi za kuamua."

Eliwaza alifumba macho asali. Hakupata maneno zaidi ya Ee Mungu, Ee Mungu. Alipoyafumbua, macho ya Nakijwa yalikuwa yanamtazama. Hayakuomba. Yalikuwa yanamtazama tu, kama ya mtu aliyekaa kwenye benchi la zahanati tangu asubuhi.

"Haiwezekani tukamalizia vile vingine, hili tukaliangalia kesho?"

"Haiwezekani, mama. Hapa vitufe ni viwili."

Betri ikaanza kulia, mlio mwembamba. Midomo ya Nakijwa ilikuwa imepauka.

"Dakika tatu za kuamua," Kimario alisema. Kisha, "Mbili."

Eliwaza aliachia mguu wa binti yake. "Hamisha zote."

"Na kufuli?"

Alitazama kidole gumba chake. "Liache kwenye ile ya zamani."

Namba zikapanda tena. Zilipofika mwisho Kimario akachomeka diski mpya, na kifua cha Nakijwa kikavuta hewa ndefu, yake mwenyewe. Akameza mate. Akakaa kitako. Akafunga kifungo cha juu cha blauzi yake, taratibu, akakipatia mara ya kwanza.

Eliwaza akajiweka tayari, kama mtu anayengoja kusomewa hukumu. Sentensi elfu sita. "Sema, mwanangu. Leo nasikiliza."

Nakijwa alishusha miguu sakafuni.

"Viatu vyangu viko wapi?"

"Chini ya kitanda."

Eliwaza akapiga magoti, akavivuta, akavifuta vumbi kwa ncha ya kanga. Akamvalisha kimoja, akamvalisha cha pili, akakaza kamba, akaona amekaza mno, akalegeza. Akavua sweta lake. "Huko juu kuna baridi."

Nakijwa akalipokea.

"Twende wote," Eliwaza alisema, bado yuko sakafuni.

Binti yake akatikisa kichwa. Akaweka kiganja juu ya kichwa cha mama yake, kikakaa hapo kidogo, kizito na chenye joto. Kisha akampita fundi, akavuka ua, akafungua geti kwa mkono wake, akatoka bila neno lingine.