Tandiko Lisilo na Mpanda

Mkia wa dainosa ulikuwa na alama za meno, nazo zilikuwa mbichi. Joash aliupapasa kwa kidole gumba akahisi mate. Nyumba ile ilikuwa na mtoto mmoja tu, Cliff, wa wiki saba, na kinywani mwake hamkuwa na jino hata la dawa. Joash akajiambia kwamba alama zile zilikuja na dainosa kutoka huko Ulaya, akamfuta kwa pindo la shati na kumrudisha rafuni. Ulikuwa uongo mtamu, na asubuhi ile aliumeza mzima mzima.

Joash alikuwa fundi wa redio pale Rodi Kopany, mwaka wa tisini na sita. Wenzake walipofuata mpira na chang'aa, yeye alikusanya dainosa wa plastiki, wale wa zamani waliotengenezwa yeye akiwa bado shuleni, wenye matandiko ya kupandia, hatamu, kofia za vita na mizinga midogo ya ubavuni. Walifika sokoni wakiwa wamepotea ndani ya marobota ya mitumba. Ryoba, Mkuria aliyeleta marobota hayo kutoka Migori, alimwekea kila alichokiokota kwenye mifuko ya makoti ya watoto wa Kizungu. Joash alikuwa nao kumi na wanane. Mama yake, Filister, aliwaita kenge, na kila Jumapili aliuliza kenge hao watataga lini.

Lakini Joash hakuwa anacheza. Hakuweza kuvumilia kitu kilichopungua. Redio iliyokosa skrubu moja haikutoka kibandani mwake, na fundi aliyetia spea feki alimhesabu pamoja na wezi.

Dainosa mkubwa kuliko wote alikuwa wa kijani, mwenye shingo ndefu, na alifika mgongo mtupu. Tumboni mtu alikuwa amemwandika kwa kalamu, kwa herufi kubwa zilizopinda za mtoto: GARETH.

Sasa, Lynnet, mke wa Joash, alikuwa amezika watoto wawili kabla ya kumpata Cliff. Kwa hiyo Cliff alipoanza kulia siku ya nne baada ya kuzaliwa, akalia mchana na usiku bila kushika titi, Filister hakungoja kuambiwa. Alimpakata, akaanza kuwataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja. Mtoto mchanga akilia hivyo, marehemu fulani anadai jina. Akitajwa mwenyewe, mtoto hunyamaza.

"Ondiek," alisema Filister. "Nyangweso. Abonyo."

Mtoto alilia. Filister alikwenda nyuma mpaka kwa watu ambao hata makaburi yao hayajulikani. Joash alikuwa hajalala siku mbili. Macho yake yakaangukia yule wa kijani rafuni, naye akasema kwa mzaha wa mtu aliyechoka, "Basi Gareth."

Cliff akanyamaza papo hapo, kilio kikiwa katikati, kama redio iliyochomolewa betri.

"Gareth ni nani?" Filister aliuliza kwa sauti ya chini.

Lynnet alikuwa analia kwa furaha, maana mtoto ameshaanza kunyonya.

Baada ya hapo ndipo yakaja yale meno. Kisha ikaja harufu, ya sufu iliyolowa na dawa ya nondo ya kabatini, harufu ya robota linapofunguliwa, ingawa hapakuwa na nguo ya mtumba nyumba nzima. Kisha Cliff akaanza kukonda. Alinyonya akatapika, na akilala aligeuza uso kwenye rafu.

"Baba Cliff," Lynnet alinong'ona siku moja mchana, jua likiwa utosini, "kuna mtu anaongea mle chumbani nikiwa jikoni. Mtoto mdogo. Anauliza kitu, kitu kimoja tu, tena na tena, na mimi sielewi anachouliza."

"Ni redio za kibandani unazisikia."

"Redio haiburuti miguu, Joash."

Wiki hiyo Ryoba akaleta tandiko la dainosa wa kijani. Joash alilifunga mgongoni, likaingia sawasawa, na jioni Cliff akanyonya akashiba. Siku ya tatu akaanza tena kutapika. Ryoba akaleta hatamu, Cliff akapona siku mbili; akaleta kofia na mizinga, akapona siku moja. Mara ya mwisho alileta pia kipande cha katoni kilichochanika, chenye picha: dainosa yuleyule, amekamilika, na juu ya tandiko ameketi mpanda mdogo aliyeshika hatamu. Joash aliitazama picha ile, na sasa akaelewa kwamba sauti ya mle chumbani ilikuwa inauliza mpanda yuko wapi.

Filister aliagiza mganga kutoka Rusinga, mama mzee aitwaye Benta. Benta hakumgusa mtoto. Alisimama mbele ya rafu, akanusa, akarudi mlangoni.

"Nyathina," alimwambia Joash, yaani mwanangu, "mizimu yetu nikiiambia ondoka, inanielewa. Hili ni jini la ugenini. Ni mtoto wa watu, alifia mbali, hajui Kijaluo wala Kiswahili. Mlimtaja, akaitika. Nitamwambiaje basi?"

"Anataka nini?"

"Mtoto anataka nini? Vitu vyake. Mpe vyote, tumpeleke ziwani, aende kwao. Lakini nasema vyote. Usimpunje mtoto, atakusumbua mpaka uchoke."

Wiki tatu Ryoba alipekua marobota. Alipindua mifuko, akakung'uta viatu.

"Fundi, nimeangalia mpaka ndani ya soksi," alisema. "Huyo mtu wa kupanda hayuko."

"Angalia tena, ndugu yangu."

"Nitaangalia. Lakini mtoto wako atangoja?"

Cliff hangengoja. Mikono yake ilikuwa imebaki ngozi, na Lynnet alikuwa ameacha kuzungumza na mtu. Basi Joash, ambaye katika maisha yake hakuwahi kutia spea feki, aliketi kibandani na kitufe cha redio mbovu, akakiyeyusha kwa chuma cha kulehemu, akakichonga kwa wembe, akakipa kichwa, mikono, na miguu iliyopanuka ya kukaa juu ya tandiko. Alikiona kizuri. Alijionea aibu pia, aibu kubwa, lakini akajiambia huyo ni mtoto tu, atajuaje.

Saa sita mchana yeye na Benta waliingia ziwani pale Homa Bay, maji yakawafika kiunoni.

"Ni vyote?" Benta aliuliza.

"Ni vyote, mama."

Benta akamweka dainosa juu ya maji, naye dainosa akaelea, na ingawa hapakuwa na upepo akaanza kwenda mwenyewe kuelekea kilindini, shingo yake ndefu imeinuka na yule mtu wa kitufe ameketi mgongoni, akaenda mpaka harufu ya sufu iliyolowa ikajaa hewani na Benta akashika pua, na hapo dainosa akasimama, akazunguka mara moja kama anayetazama nyuma kuangalia ni nani aliyempanda, akazama ghafla, pasipo povu. Joash alilia kwa furaha pale majini. Alikimbia nusu ya safari ya kurudi nyumbani.

Lynnet alimpokea mlangoni na kidole mdomoni. Alikuwa anatabasamu.

"Usimwamshe," alinong'ona. "Amenyonya mpaka ameshiba, halafu akacheka, Joash. Saa sita hivi. Akacheka kabisa. Nikamlaza, tangu hapo ametulia."

Joash aliingia peke yake. Sakafu ilikuwa na maji, na maji hayo yalitiririka kutoka kitandani, yakinuka magugu na samaki na ile sufu, na blanketi lilikuwa limelowa chapachapa, na chini ya blanketi Cliff alikuwa amelala chali, baridi, midomo ya buluu, magoti yamepanuliwa kana kwamba yamebana ubavu wa mnyama, na ngumi zake mbili ndogo zimefungwa kifuani mahali ambapo mtu hushikilia hatamu.

Rafuni, mahali pa dainosa wa kijani, alisimama yule mtu wa kitufe. Alikuwa amerudishwa, jinsi mteja anavyorudisha spea feki. Alikuwa anadondosha maji, na kichwa chake kilikuwa kimetafunwa na meno madogo.

"Bado amelala?" Lynnet alinong'ona kutoka mlangoni.