Kamba ya Makumbi Mabichi Iliniulia Mume

Umri wangu sasa umepita themanini, wasomaji wenzangu, na kusoma kwangu ni kule kwa chuoni tu, kwa Kurani. Lakini jina la kila aliyenitoa chozi nnalo kichwani. Nnawaona vijana mnafungua biashara kwa kusema, "Mungu atajaalia, mbele tutaona..." Mimi kwa neno hilo nilizika mume!

Zamani hizo mji ungali ukizungumzia mizinga ya Wangereza iliyobomoa jumba la Sultani. Mume wangu, Makame wa Vuai, alikuwa fundi wa vitanda pale mtaa wa Malindi. Yeye akichonga miti, mimi nikiwamba kamba, nikizikaza baina ya miti pawe pa kulalia. Kamba zikitoka Mkokotoni kwa dada yangu wa tumbo moja, Mize, mjane mwenye wanawe.

Kamba ya makumbi ya nazi haina haraka. Makumbi hufukiwa kwenye tope la pwani miezi mingi mpaka yalainike, ndipo hufukuliwa, yakapigwa magongo, usumba wake, zile nyuzi, ukasokotwa. Ukiyafukua mabichi, usumba hukatika.

Nasi msimu wetu tukiujua! Kila mwaka harusi hujaa Shaabani, watu waoe kabla ya kufunga. Kwa hiyo dada Mize alikuja mjini mapema.

"Shemeji, Shaabani hii vitanda vingapi? Niambie nifukie sasa."

Makame akacheka. "Mize we, riziki unaipimia kibaba? Ikifika tutaona."

"Tope halisikii kelele za wateja, shemeji."

Nilipotia neno langu, akanikata: "Wewe wamba. Fikira niachie mie."

Basi Mize akaenda zake, akafukia shimo moja tu, la kuwalisha wanawe.

Shaabani ikaingia. Makame hakumkatalia mtu! Bwana Nassor wa Kiponda, mwenye mashamba ya karafuu, alipotaka kitanda cha binti yake Zuwena, Makame alijibu, "Naam bwana, kipo!" Kipo wapi? Hata kamba ya kufungia mbuzi hatukuwa nayo!

Akapanda punda, akaenda shamba, Mkokotoni. Aliporudi alikuja na mizigo ya kamba. "Mize anakusalimu," akaniambia.

Nikaishika ile kamba. Ngumu, inanuka ukumbi mbichi. Nikasema, "Mume wangu, hii haijaiva." Alinipiga kofi kipini kikaruka puani, damu ikanijaa mdomoni. Nikawamba huku nikilia... Ningefanya nini?

Siku ya kutazamwa bibi harusi, Zuwena kaketishwa kitandani kwa hariri na dhahabu. Masomo wawili, wale wanawake waliomfunda, wakapanda kumtengeneza. Mara kamba zikakatika, pa, pa, pa! Zuwena akaanguka, paji la uso likapasukia kwenye mti wa kitanda. Damu ikamfunika uso na nguo zake za harusi. Na wale wanawake wa upande wa bwana harusi, ulimi haukuwakaa! "Wenyewe hawajakilalia, kitanda kishakufa!"

Kaka zake Zuwena, Salim na Hemed, walifika kwetu na bakora, kundi la watu nyuma yao.

"Yuko wapi huyo fundi? Toka, leo tunakuwamba wewe!"

Walimpiga Makame mpaka akatema meno. Wakavunja vitanda vyote, vilivyokwisha na visivyokwisha. Naye kwa hofu akapiga kelele, "Si mimi! Ni Mize wa Mkokotoni! Kaniuzia kamba mbichi!"

"Mize nani?" akafoka Salim. "Twende tukamvunje na yeye!"

"Mize mimi."

Dada yangu alikuwa kasimama mlangoni, ndiyo kwanza anashuka kwenye punda. Mkono wake wa kulia umefungwa vijiti, umevimba, mweusi. Alikuja kunishtakia mume wangu.

"Kaja na vibarua, kafukua shimo la wanangu," akasema. "Nikalala juu ya makumbi, nikamwambia, shemeji, hayajaiva, usiwaue njaa mayatima. Akatwaa gongo la kupigia usumba... akanipiga mpaka mfupa ukatoka nje. Vibarua wakayasokota mabichi hivyo hivyo."

Ndugu zangu! Nimewamba kwa damu ya dada yangu!

Hemed akaokota gongo letu la kugongea vitanda. Mke humwangukia mumewe, apigwe yeye. Mimi nilimkumbatia Mize, nikageuza uso ukutani. Nikasikia mbavu za Makame zikivunjika moja moja, mpaka wazee wa mtaa wakaja kumnasua. Ramadhani haikumkuta.

Mkono wa Mize haukusokota tena. Nikahamia Mkokotoni nikawa mkono wake: yeye akishika ncha kwa kidole cha mguu, mimi nikisokota. Kila mwezi tulifukia shimo letu, tukajua lipi la Shaabani, lipi la Mfunguo Mosi baada ya Ramadhani, lipi la kula siku za mvua. Wanawe wakakua.

Wewe unayekaanga mihogo, wewe unayeshona kofia, nakuombeni kwa machozi yangu. Kaa leo kwa utulivu, ujiulize: msimu wangu lini? Vifaa vitatoka wapi, na vinataka muda gani? Vikichelewa, mteja nitamwambia nini? Usiungoje msimu ukuulize wewe!

Na kama huna, sema huna. Neno "sina" litamwudhi mteja, atakwenda kwa mwingine... lakini halijavunja mkono wa mtu.